Raundi ya Tano, Jermuk

Ukumbi wa kulia wa sanatoria,
meza kumi na mbili, vitambaa vimeondolewa,
harufu ya kabichi ya jana imekataa kuondoka.
Nje theluji imepanda hadi madirisha ya chini.
Tangazo lilituita wakongwe:
miaka sitini na mitano kwenda juu,
maji ya moto ya chemchemi bure, asubuhi na jioni.

Knarik kaketi mbele yangu.
Kavua kifaa cha sikio, kakiweka kando ya saa
kama kete ya ziada.
Hajanisalimu. Nami sijamsalimu.
Salamu yetu ya mwisho ni ya mwaka wa sabini na nane,
mjini Leninakan, ulipokuwa bado na jina hilo.
Nilimwomba sare, akatikisa kichwa,
akanimaliza katika hatua ya sabini na moja,
akapanda treni kwenda Moscow,
akakalia kiti kilichokuwa changu.

Sare nyingine tuliwahi kuwa nayo, zamani zaidi:
gauni la kahawia, aproni nyeusi,
kola mbili nyeupe alizozishona mama yake,
moja yangu,
kwa kuwa wangu alikuwa zamu ya usiku kiwandani.

Kufikia hatua ya ishirini malkia wameshauana.
Kufikia ya arobaini, ngome na farasi wamekwenda.
Wamebaki wafalme, askari watatu watatu,
na tembo wawili:
wangu hukanyaga vyeupe tu, wake vyeusi tu.
Wanapishana ulalo kwa ulalo, bega kwa bega,
na hawawezi kugusana
hata tukikaa hapa mpaka Pasaka.
Mtoto yeyote wa klabu angejua mchezo umekwisha.
Lakini nani aanze kusema?
Ukaidi ndio mfupa pekee
uliobaki kwetu usiouma.

Hatua ya hamsini na mbili, mkono wake unanyanyuka.
Naujua mkono huo. Siku hizi unatetemeka
kama kifuniko cha birika.
Unakwenda kwa mfalme. Njiani kidole cha mwisho
kinamgusa askari wa pembeni.
Si kupapasa: askari kayumba, kasimama tena.
Ukigusa, umecheza.
Kanuni hiyo tuliifunzwa kabla hatujajua kusoma vizuri.
Na askari yule akisogea, ukuta wake wote unaanguka.
Mwamuzi, yule kijana Vazgen, yuko meza ya tisa,
anafuta miwani.
Ni kuinua kidole tu.

Nikachukua bilauri.
Maji yale yana ladha ya chuma,
nikayanywa yote, taratibu, macho dirishani,
ambako mtu alikuwa akikwangua barafu kwenye gari
kwa kifuniko cha sufuria.
Niliporudi mezani mfalme wake alikuwa ameshasogea
na saa alikuwa hajaibonyeza.
"Sare," akasema, kwa sauti kubwa mno,
sauti ya mtu asiyejisikia akisema.
Ukumbi mzima ukageuka.

Tukaandika nusu, na nusu. Tukatia sahihi.
Akarudisha kifaa sikioni, kikapiga mluzi.
"Nilimgusa."
"Sikuona."
"Zaruhi. Wewe ulikuwa unaona hata mbu akivuka ubao."
Sikujibu. Nikapanga kete upya
hadi hatua ya thelathini na moja,
nikamwuliza kwa nini hakumpeleka farasi huku.
"Ningempeleka, ungemla askari wangu wa kati."
"Nisingemla."
"Ungemla. Wewe na njaa ni mapacha."

Wahudumu wakaja na supu. Hatukuinuka.
Wakapanga vijiko kuzunguka ubao.